Kifaru kilichonusurika bomu la atomu kinathibitisha nini kuhusu kinga ya mionzi?

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari. Wanafunzi wangu wamesoma habari za kifaru cha Centurion kilichowekwa karibu na bomu la atomu huko Australia mwaka 1953 kikabaki kizima, na sasa wanashikilia kwamba chuma kinene kinatosha kuzuia mionzi. Majeshi yalikuwa yanapangaje majaribio ya kinga, yalipimaje, na namba zipi naweza kuzitumia darasani bila kuwapotosha?

JIBU: Mwalimu, kifaru kilinusurika, askari wa ndani wasingenusurika. Wanafunzi wakishatenganisha mambo hayo mawili, mengine yatafuata kwa urahisi.

Tukio lenyewe ni la kweli. Tarehe 15 Oktoba 1953, Uingereza ililipua bomu lililoitwa Totem 1 huko Emu Field, Australia Kusini, lenye nguvu ya kilotani 10 hivi. Pungufu kidogo ya mita 460 kutoka hapo kiliegeshwa Centurion namba 169041, injini inanguruma, kimejaa mafuta na makombora, na viti vya askari vimekaliwa na sanamu. Waliporudi kukitazama walikikuta kimesukumwa kama mita moja na nusu. Vioo vya kuonea vilikuwa vimekwanguliwa na mchanga, mabamba ya ubavuni yameng'oka, na injini imezimika kwa kuishiwa mafuta. Baadaye kiliwashwa kikaondoka kwa nguvu zake, na mwaka 1969 kilikuwa vitani Vietnam.

Sasa pigeni hesabu darasani. Mionzi ya gama iliyo mikali zaidi katika dakika ya kwanza hutokea pale nyutroni za bomu zinaponaswa na naitrojeni ya hewani. Kuipunguza ibaki sehemu moja ya kumi kunahitaji chuma cha sentimita 11 hivi. Ubavu wa Centurion wa toleo lile ulikuwa na chuma cha milimita 51. Kumi kwa kipeo cha kasoro 5.1/11 ni 0.34, yaani theluthi moja inapita. Mbele ya sehemu ya mzinga, penye milimita 152, inapita asilimia 4 tu, lakini mionzi haiji kutoka mbele peke yake. Sehemu kubwa imekwisha gongana na hewa njiani, inaingia kutoka juu, pembeni na nyuma, na paa la kifaru ni jembamba kuliko uso wake. Kwa bomu la kilotani 10, mtu aliye wazi hupata dozi ya kuua hata akiwa zaidi ya kilomita moja kutoka kwenye mlipuko. Mita 460 ni ndani sana ya duara hilo, dozi ikiwa mara makumi ya ile. Ukiigawa kwa tatu, au hata kwa kumi, bado ni mauti. Wimbi la mlipuko nalo peke yake lingetosha kuwaua.

Na hapo nyutroni bado hatujazigusa. Kwa hizo chuma ni kinga dhaifu. Waambie wanafunzi wafikirie gololi: ikigonga gololi mwenzake husimama, kwa kuwa uzito ni sawa na mwendo wote umehamia kwa ile ya pili, ikigonga jiwe la kusagia hurudi na karibu mwendo wake wote. Kiini cha hidrojeni ni gololi, kiini cha chuma ni jiwe. Ndiyo maana maji, mbao, plastiki na udongo wenye unyevu huzishika nyutroni kuliko chuma cha uzito uleule. Wapangaji makini walizipanga tabaka kwa zamu: chuma nje, kitu chenye hidrojeni kikifuata, na boroni ndani yake ili izinase zilizokwisha poa, yaani zilizopunguza mwendo. Nyutroni ikinaswa kwenye ukuta wa kawaida hutoa gama mpya palepale ukutani, upande wa ndani, na hiyo humfikia mtu kana kwamba ukuta wenyewe umekuwa chanzo.

Ile ya Emu Field, kwa hiyo, ilikuwa kuangalia kifaa kitaharibika kiasi gani. Jaribio la kinga hupangwa vingine, na mahali ambapo lilifanyika kwa wingi ni jangwa la Nevada, Marekani, kati ya 1951 na 1962. Upande wa kijeshi ulisimamiwa na Armed Forces Special Weapons Project, chombo kilichoundwa 1947. Kazi ziligawanywa kwa programu zenye namba: Programu ya 1 ilishughulikia wimbi la mlipuko, ya 2 mionzi ya nyuklia, ya 3 majengo, na kadhalika, kila mradi ukiwa na namba yake chini ya programu.

Swali la kwanza la mpangaji lilikuwa: tunakinga mionzi ipi? Zipo za aina tatu, na kila moja hudai jaribio lake. Kuna nyutroni, zinazofika karibu papo hapo. Kuna gama ya mwanzo, ambayo kwa desturi huhesabiwa ni ile ya dakika ya kwanza. Halafu kuna gama ya vumbi la nyuklia linaloanguka baadaye, saa hata siku kadhaa. Ukuta mmoja huo huo una namba tatu tofauti za kinga kwa aina hizo tatu. Ripoti mbili zikionekana kupingana, mara nyingi moja inasema ya vumbi na nyingine ya dakika ya kwanza.

Baada ya hapo ilichaguliwa siku ya kulipua, na hili lina mantiki yake. Bomu kubwa sana halifai kwa utafiti wa gama ya mwanzo na nyutroni, kwa sababu wimbi lake la mlipuko na moto hufika mbali kuliko mionzi: pale ambapo dozi ina maana, jengo limekwisha sagika. Kwa bomu la kilotani moja mambo hugeuka, mionzi ikaua mahali ambapo kuta bado zimesimama. Ilisaidia pia bomu likilipuka juu hewani kiasi kwamba mpira wa moto haugusi ardhi, maana vumbi huwa dogo na kipimo cha dakika ya kwanza hakichafuki. Bomu la Priscilla, tarehe 24 Juni 1957 katika mfululizo wa majaribio ulioitwa Plumbbob, lilikuwa la namna hiyo. Lilining'inizwa kwa puto mita 213 juu ya uwanda wa Frenchman Flat, nguvu yake kilotani 37, na chini yake yalisubiri mahandaki, majengo na vifaa vya kila aina.

Kisha vituo. Hapa ndipo majaribio mengi yalipookolewa au kuharibiwa, na ndipo ningekuomba ukae na wanafunzi wako muda mrefu zaidi.

Namba ya kinga ni uwiano: dozi ya nje kwa dozi ya ndani. Ukikosa dozi ya nje huna uwiano. Lakini kipimo cha nje kikibandikwa kwenye ukuta wa jengo lenyewe, jengo linakikinga upande mmoja na kukirudishia mionzi upande mwingine. Kwa hiyo kilisimikwa kwenye nguzo peke yake, umbali uleule kutoka kitovu cha mlipuko, kimo kilekile, mbali na kila kitu. Kwa vipimo vya vumbi kimo cha kawaida kilikuwa futi 3, karibu sentimita 91, usawa wa kiuno cha mtu mzima.

Kituo kimoja hakitoshi. Dozi hupungua kwa mraba wa umbali, na juu ya hapo hewa nayo hunyonya, hivyo mita mia chache tu hubadilisha dozi maradufu. Nguvu ya bomu nayo haikuwa ya uhakika kabla ya kulipua: bomu la Simon, tarehe 25 Aprili 1953, lilifika kilotani 43, juu ya ilivyotarajiwa. Aliyeweka kipimo kimoja kinachosoma hadi kiwango fulani alikuta filamu ya kupimia, ambayo mionzi huigeuza nyeusi kama picha, imekuwa nyeusi tii nje, isiyo na habari yoyote. Dawa yake ilikuwa kupanga vituo kadhaa kwenye mstari mmoja kutoka kitovuni, kila kituo kikiwa na filamu za wepesi tofauti pamoja, moja ya dozi ndogo, nyingine ya kati, nyingine ya kubwa. Ile iliyojaa ikitupwa, jirani yake inasoma.

Filamu yenyewe ina tabia zake. Inaitikia kupita kiasi gama ya nishati ndogo, kwa hiyo huvikwa vibati vya risasi au bati ili isawazike. Joto huitia ukungu, na pakiti iliyoachwa juani Nevada tangu jana yake tayari ina weusi wa uongo. Ndiyo maana ziliwekwa filamu za ulinganisho, zinazokaa joto lilelile mahali pasipo na mionzi, ili weusi huo utolewe katika hesabu.

Nyutroni zilipimwa kwa njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ni rahisi kuieleza kwa chaki. Unaweka vipande vya madini tofauti, kila kimoja kikiitikia nyutroni za nishati fulani na kuendelea. Dhahabu huwekwa vipande viwili: kimoja uchi, kingine ndani ya kasha la kadmiamu, ambayo huzinasa nyutroni zilizopoa. Tofauti ya viwili hivyo ndiyo idadi ya zilizopoa. Plutoniamu-239 ndani ya tufe la boroni huhesabu zilizo juu ya kiasi cha kiloelektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) chache. Neptuniamu-237 huanzia karibu megaelektronivolti (kiloelektronivolti elfu) 0.7, uraniamu-238 karibu 1.5, na salfa karibu 3. Ukitoa namba moja kutoka nyingine unapata nyutroni ngapi zilikuwa katika kila ngazi, kisha unazigeuza kuwa dozi. Njia hii ilikomazwa na G. S. Hurst na wenzake wa maabara ya Oak Ridge.

Ugumu wake ni saa. Salfa hugeuka fosforasi-32, ambayo nusu-maisha yake (muda wa kupungua kwa nusu) ni siku 14.3, inaweza kusubiri. Dhahabu ina siku 2.7. Lakini vile vipande vinavyopasuka viini, yaani plutoniamu, neptuniamu na uraniamu, lazima vihesabiwe ndani ya saa chache, na viko karibu na kitovu ambako ardhi yenyewe sasa inatoa mionzi: aluminiamu ya udongo kwa dakika za kwanza, manganizi yenye nusu-maisha ya saa 2.6, sodiamu yenye saa 15. Mara nyingine vipimo vilifungwa kwenye kamba ndefu ya chuma, gari likaja upande wa mbali na kuivuta kamba yote nje, watu wasiingie ndani kabisa. Wapima mionzi ndio waliotangulia kuweka alama za njia, na mwaka 1953 kikomo cha wafanyakazi wa eneo lile kilikuwa rontgeni (kipimo cha mionzi cha wakati huo) 3.9 kwa wiki 13. Mpango usioandika nani anaingia, kwa njia ipi, kwa dakika ngapi, ulikuwa haujakamilika hata kama ukuta umejengwa kwa ustadi.

Kuchelewa kuvitoa vipimo nako kuliharibu namba. Chukua filamu iliyo ndani ya handaki, ikapata rontgeni 2 wakati wa mlipuko. Ikiwa ndani mna mionzi ya masalio ya rontgeni 0.1 kwa saa, nawe umeifuata baada ya saa tano, inasoma 2.5. Umekosea robo nzima, na kinga yako inaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Suluhisho ni kuingiza filamu nyingine baada ya mlipuko, mahali palepale, ipime hayo masalio tu.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuwa mlango. Wahandisi walihesabu unene wa paa kwa sentimita, kisha wakaacha ngazi iliyonyooka kutoka nje hadi chumbani. Hiyo ni kazi ya kuteka maji kwa pakacha. Nyutroni na gama hugonga hewa na kuta za ngazi, zikadunda, zikaingia kwa njia hiyo. Kwa handaki la wazi la askari, karibu dozi yote ya ndani ni hii ya kudunda kutoka angani, kwa hiyo kulichimba kirefu zaidi na kuliwekea paa la viroba vya mchanga husaidia kuliko kunenepesha ukingo wake. Lakini viroba navyo vina yake. Wimbi la mlipuko huvipeperusha, na mchanga uliojazwa ukiwa na unyevu ukakauka wiki nzima juani umepoteza hidrojeni uliyoihesabia. Bomba la hewa, tundu la nyaya, mwanya wa bawaba: kila tundu lilitakiwa liwe na kona, na kila kona iwe na kipimo chake.

Kuhusu vumbi la nyuklia nitapita haraka. Chanzo chake hakiko angani, kimetandazwa chini na juu ya paa, na swali linakuwa pia namna ya kulizuia lisikae. Mfano mzuri ni meli mbili, YAG-39 na YAG-40, zilizopitishwa katika vumbi la majaribio ya Castle ya mwaka 1954 huko Bahari ya Pasifiki, zikiongozwa kwa mbali. Moja ilikuwa na mabomba yanayoimwagia sitaha maji ya bahari muda wote, nyingine haikuwa nayo. Ulinganisho wa meli pacha chini ya vumbi lilelile ni mpango safi: kimebadilishwa kitu kimoja tu.

Usafi wa namna hiyo uliwavutia pia waliotaka kujua dozi walizopata watu wa Hiroshima na Nagasaki. Mradi wao, Ichiban, ulianza 1956. Walijenga nyumba za mtindo wa Kijapani Nevada wakaziweka mbele ya mabomu mwaka 1957 na 1958. Ukuta wa udongo wa Kijapani uliwakilishwa na mbao za saruji na asbesto zenye uzito na vielementi vinavyokaribia vya ukuta halisi, jambo ambalo mpangaji mvivu angelipuuza. Kisha majaribio yakasimamishwa mwishoni mwa Oktoba 1958, na mwaka 1962 ukasimamishwa mnara wa BREN, wa mita 465, wenye kinu kidogo cha nyuklia kisicho na ukuta kinachopandishwa na kushushwa kama lifti juu ya nyumba hizo. Hakuna wimbi, hakuna moto, na kipimo kikiharibika unarudia kesho. Kwa sayansi ya kinga hilo lilizaa zaidi kuliko mabomu. Makadirio ya dozi ya 1965, na yale yaliyoyarekebisha mwaka 1986 na 2002, yana mizizi humo. Viwango wanavyofuata leo wahudumu wa eksirei wa Muhimbili au Kenyatta vimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya takwimu za manusura wa miji ile miwili. Mkataba uliotiwa saini Moscow Agosti 1963 ulipopiga marufuku milipuko ya angani, njia ya vinu na vyanzo vya kobalti yenye mionzi ilikuwa imekwisha fungukia watafiti.

Wanafunzi watakuuliza kuhusu askari waliolazwa kwenye mahandaki Nevada. Lazima wajibiwe kwa uwazi: wengi wao hawakuwa sehemu ya kipimo cha kinga. Walipelekwa kwa mazoezi ya kivita na kuzoeshwa, na katika baadhi ya mazoezi hayo beji moja ya filamu iliwakilisha kundi zima. Nyumba tupu ilikuwa na vipimo vingi kuliko kikosi cha watu, na hilo linaniuma kila ninapozisoma ripoti hizo. Uchunguzi uliochapishwa 1980 kuhusu watu 3,224 walioshiriki mlipuko wa Smoky wa tarehe 31 Agosti 1957 ulikuta wagonjwa 9 wa saratani ya damu, pale ambapo walitarajiwa 3.5.

Namba za darasani sasa. Kwa gama ya vumbi, unene unaopunguza dozi kwa nusu ni takriban sentimita 1.8 za chuma, 6 za zege, 9 za udongo ulioshindiliwa, 12 za maji, na 22 za mbao. Kwa gama ile kali ya dakika ya kwanza tumia unene wa kubakisha sehemu moja ya kumi: chuma sentimita 11, zege 41, udongo 61. Wakizigeuza hizi za pili kuwa unene wa nusu (kwa kuzidisha kwa 0.3) ndipo walinganishe, wataona ya pili inadai karibu maradufu. Kwa muda wa vumbi, kila saa zikizidishwa kwa saba kasi ya dozi hugawanywa kwa kumi: 100 katika saa ya kwanza, 10 katika saa ya saba, 1 katika saa ya 49. Kanuni hii inafaa vumbi likiwa limekwisha kuanguka lote.

Wape zoezi hili. Handaki lina paa la udongo la sentimita 90, yaani nusu kumi mfululizo, 1/1024, tuseme 0.001 ya dozi ya nje. Mlango wake ulionyooka, tuseme, unaruhusu 0.02. Jumla ni 0.021. Waongeze sentimita 90 nyingine za udongo juu ya paa: la paa linakaribia sifuri, jumla inashuka hadi 0.020. Sasa waliache paa kama lilivyokuwa, waikunje njia ya mlango kwa kona moja ya digrii 90, ambayo hupunguza takriban mara kumi: 0.002 kujumlisha 0.001, jibu ni 0.003.